Kozi ya modeli za fedha hapa Dar: laki tisa zangu zimeenda wapi

Nianze na jibu, maana najua baadhi yenu mna fomu mkononi na siku za kulipia zinayoyoma. Kozi hii ya wiki sita ya kuunda modeli za fedha, yaani makadirio ya kampuni kwenye Excel, ile ya jioni na Jumamosi inayotangazwa sana kwa vijana wanaotaka kuingia kwenye benki za uwekezaji, inamfaa mtu wa aina moja: aliyekwisha kupata kazi, au aliyeitwa kwenye usaili, na mkono wake bado mzito kwenye Excel. Kwa aliyemaliza chuo juzi na anaamini cheti ndicho kitakachomfungulia mlango, laki tisa ni nyingi. Na hapo ni bila laptopu, bila nauli, na bila chakula cha Jumamosi. Kwenye tangazo wameandika "viburudisho". Ukifika ni maji ya chupa na biskuti.

Jina la kozi naliacha. Wakufunzi wake nakutana nao kazini, na haya ninayoyaandika nimekwisha kuwajazia wenyewe kwenye fomu ya maoni.

Mimi nina digrii ya uhasibu na fedha kutoka Mzumbe, na nilipojiandikisha nilikuwa mgeni kabisa kwenye kampuni ndogo mjini ya ushauri wa miamala, yaani watu wanaponunua na kuuza kampuni. Kwenye kadi yangu imeandikwa mchambuzi. Maana yake ni kwamba faili la Excel likiwa tupu nalifungua mimi, na likikosewa naulizwa mimi. Kwa Dar, kazi hii kwa kiasi kikubwa haiko kwenye kampuni zinazojiita benki za uwekezaji. Iko kwenye vitengo vya ushauri vya mabenki ya biashara, kwa madalali wa hisa wenye leseni ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji), na kwenye idara za miamala za zile kampuni nne kubwa za ukaguzi. Nafasi ni chache na wanaoajiri wanajuana. Bosi mmoja akiisifia kozi kwenye kikao, awamu inayofuata darasa limefurika.

Darasa lenyewe liko ghorofani, kiyoyozi kinafanya kazi kupita kiasi (nendeni na kitenge au sweta, sitanii), projekta nzuri, soketi za kutosha. Umeme ulikatika, jenereta likawaka, hakuna aliyepoteza kazi yake. Hapo nawapa alama zote. Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko: wahasibu wa mashirika ya umma, maofisa mikopo wa benki, vijana wa chuo waliolipiwa na wazazi, na kaka wawili wa Zanzibar waliokuwa wakivuka na boti kila wiki kwa ajili ya Jumamosi tu. Hao wa Zanzibar walijua wanachofanya. Nitaeleza.

Wiki mbili za kwanza ni za vidole. Mkufunzi wa jioni ni kijana mwenye haraka, aliyewahi kufanya kazi Nairobi, na siku ya kwanza alipita meza kwa meza na boksi la karatasi akikusanya mausi za watu. Mausi yako utaipata wiki ya tatu. Tulinung'unika, lakini mtindo huo unafanya kazi. F4 ya kukaza seli, Ctrl na mabano ya kurukia seli inayolisha fomula, Alt kisha E, S, V ya kubandika thamani bila fomula: mwisho wa wiki ya pili vidole vinakwenda vyenyewe. Halafu rangi: namba uliyoiandika kwa mkono ni ya bluu, fomula ni nyeusi, kinachotoka kwenye karatasi nyingine ya faili hilohilo ni kijani. Ni taratibu za fani nzima, si zao, ila wanazisimamia kwa ukali. Kazini nilielewa kwa nini. Bosi akifungua faili lako saa nne za usiku yuko uwanja wa ndege, hana muda wa kukupigia kuuliza ile asilimia 8 ya ukuaji imetoka wapi. Akiona bluu anajua hapo ndipo pa kugusa.

Kitu kingine nilichokipenda ni mbinu za kale za wahasibu ambazo chuoni hakuna aliyenionyesha. Mizania ikigoma kulingana, usianze kupekua faili zima. Tazama tofauti. Kama ni 84, tafuta 42 iliyojumlishwa mahali ilipotakiwa kutolewa, maana kosa la alama hujionyesha mara mbili. Kama tofauti inagawanyika kwa tisa, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu: 5,400 imeandikwa 4,500, tofauti 900. Hilo peke yake limenirudisha nyumbani mapema mara nyingi.

Kisha likaja swali ambalo kila anayekwenda usaili wa kazi hizi duniani ataulizwa, awe London au Posta: uchakavu ukiongezeka kwa shilingi milioni 10, nini kinatokea kwenye taarifa zote tatu za fedha? Jibu la kitabuni, kwa kodi yetu ya kampuni ya asilimia 30, ni hili. Faida kabla ya kodi inashuka milioni 10, kodi inashuka 3, faida halisi inashuka 7. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa sababu uchakavu si fedha iliyotoka mfukoni, kwa hiyo fedha zinaongezeka 3. Kwenye mizania fedha zimepanda 3, mali za kudumu zimeshuka 10, jumla ya mali hasi 7. Upande wa pili malimbikizo ya faida hasi 7. Imelingana. Darasa zima likapumua, mkufunzi akasema kariri hivyo hivyo.

Ni sahihi kwa usaili. Kwa kampuni ya Tanzania si sahihi, na kozi ya jioni haikusema neno. TRA haiutazami uchakavu ulioandika kwenye vitabu vyako. Sheria ya kodi ina madaraja yake: kompyuta na magari madogo asilimia 37.5, daraja linalofuata 25, na kuendelea. Ukiongeza uchakavu wa kihasibu, kodi unayolipa mwaka huo haitikisiki. Fedha hazipandi hata senti. Kinachoshuka ni kodi iliyoahirishwa kwenye mizania, yaani ile utakayodaiwa miaka ya mbele: mali hasi 10, faida iliyolimbikizwa hasi 7, deni la kodi iliyoahirishwa hasi 3. Inalingana pia, ila hadithi ni nyingine kabisa, na mteja mwenye kiwanda atakushangaa ukimwambia ameokoa milioni 3 ambazo hazioni benki. Aliyetuambia haya ni mwalimu wa Jumamosi, si wa jioni.

Wiki ya kuthamini kampuni ndiyo ilinikera. Kiolezo tulichopewa kimetoka Marekani na hakuna aliyehangaika kukifuta vumbi. Seli ya kodi ilikuwa na asilimia 21, ambayo ni kodi ya serikali kuu ya Marekani. Riba isiyo na hatari ilikuwa ya hati fungani ya Marekani ya miaka 10. Sasa chukua kampuni inayouza Mbeya na Kigoma, mapato yake kwa shilingi, halafu mapato ya miaka ijayo uyageuze kuwa thamani ya leo kwa riba ndogo ya dola. Kampuni yoyote itaonekana dhahabu. Hati fungani zetu zinasema mengine: ile ya miaka 25 ilikuwa na kuponi (riba ya mwaka) ya asilimia 15.95, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Mabadiliko hayo pekee yanaweza kuigeuza bei ya kampuni kuliko mabishano yote ya darasani juu ya ukuaji wa mauzo. Jioni nzima ingejaa hapo. Hatukuwa hata na dakika.

Nikauliza kuhusu beta, kile kipimo cha hisa inavyoyumba kulinganisha na soko.

"Kaka, hisa hii pale DSE, soko la hisa la Dar, inaweza kumaliza wiki haijauzwa hata moja. Beta yake tunaipata wapi?"

"Weka 1, dada."

Weka 1! Kwa laki tisa. Njia inayotumika kazini ni kuchukua beta za kampuni za sekta hiyohiyo kwenye masoko yenye mauzo mengi, ukaondoa athari ya madeni yao, kisha ukairudisha kwa kiwango cha madeni cha kampuni yako. Profesa Aswath Damodaran wa New York University anaweka beta za sekta na nyongeza ya hatari ya kila nchi kwenye tovuti yake, bure, na anazihuisha kila Januari. Tanzania imo. Kozi ingeweza kutuonyesha ukurasa huo kwa dakika tano tukaondoka na kitu. Ingeweza pia kututajia kwamba sheria yetu hairuhusu riba yote ipunguze kodi kwa kampuni inayomilikiwa kwa robo au zaidi na wageni, pale mkopo unapozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji, au kwamba kampuni iliyoorodheshwa karibuni DSE na kuuza sehemu ya kutosha ya hisa kwa umma hutozwa kodi ya asilimia 25 kwa miaka mitatu. Vitu hivi vinabadilisha modeli, na ndivyo mteja atakavyokuuliza.

Sasa Jumamosi.

Jumamosi anafundisha mama mmoja mstaafu aliyepitia serikalini na benki. Wote tulimwita Mama, hata mkufunzi wa jioni anamwita Mama. Hatumii projekta. Anakuja na mafungu ya karatasi zilizochapwa, anayagawa, na anakataza laptopu hadi saa sita mchana. Kijana mmoja alimwambia modeli yake imekamilika na mizania inalingana miaka yote mitano. Mama akavaa miwani, akatazama.

"Hongera mwanangu. Sasa niambie, hawa watu wanauza nini?"

Hakujua. Alikuwa na mauzo hadi mwaka wa tano na hajui kama ni mafuta ya alizeti au mabati.

Zoezi lake kubwa ni hesabu za kampuni ya familia, jina limefutwa kwa wino mweusi. Ukurasa wa gharama umejaa mambo. Kodi ya nyumba ambayo haina uhusiano wowote na kiwanda. Ada za shule. Mkopo kwa mkurugenzi ambao hauna tarehe ya kulipwa. Ankara nyingine kwa dola, nyingine kwa shilingi, zimejumlishwa kwenye safu moja kana kwamba ni fedha moja. Magari manne, na kwenye orodha ya mali yako mawili. Kazi yetu ilikuwa kupata faida ya kweli ya biashara kabla ya riba, kodi na uchakavu, yaani kutoa vya nyumbani vilivyoingia dukani, na kuongeza vya dukani vilivyosahauliwa. Hili la pili ndilo wengi hatukuliona. Mke wa mwenye kampuni alikuwa anasimamia ghala bila mshahara kwenye vitabu. Mnunuzi akija, lazima aajiri mtu wa ghala. Faida inashuka. Mama alitusubiri tufurahie kuondoa ada za shule na kupandisha faida, ndipo akatuuliza: "Na ghala?"

Ndiyo kazi yetu hiyo hasa. Hati zilizopauka, skani zilizopinda, mhasibu wa mteja asiyepokea simu. Kampuni nyingi tunazozishughulikia haziko sokoni wala hazina ripoti ya mwaka yenye picha za rangi.

Mifano yake yote ni ya kwetu. Alianza na uuzaji wa hisa za Vodacom Tanzania mwaka 2017: hisa milioni 560, asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 850 kila moja, jumla bilioni 476, na yote hayo kwa sababu sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa kwa umma. Mwanzo ilikuwa kwa Watanzania peke yao. Muda ukaongezwa, kisha mlango ukafunguliwa kwa wageni, ndipo hisa zikamalizika na kampuni ikaorodheshwa Agosti. Mama hakutuuliza thamani ya kampuni. Alituuliza bilioni 476 zingetoka mifuko gani: mifuko ya hifadhi ya jamii kiasi gani, watu binafsi kiasi gani, na mtu wa Singida anazilipiaje. Tuliokuja na modeli tulikaa kimya.

Akaja na saruji. Mwaka 2021 Scancem, wamiliki wakubwa wa Twiga Cement, walitangaza kununua sehemu kubwa ya Tanga Cement. FCC, tume ya ushindani, ikaridhia mwaka 2022, Baraza la Ushindani likaubatilisha uamuzi mwaka huohuo, na safari ikawa ndefu. Tulipewa kalenda tupu tujaze hatua, nani anatakiwa kusema ndiyo, na mnunuzi anapoteza nini kila mwezi unaochelewa.

Halafu Amsons na Bamburi, ambalo ndilo somo bora nililopata pale. Julai 2024 Amsons, kampuni ya hapa kwetu, walitoa ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi Cement. Baadaye Savannah Clinker wakaja na 70. Mama akasema: wewe ni mchambuzi mdogo upande wa Amsons, ni asubuhi, habari ya 70 umeisoma kwenye simu ukiwa kwenye mwendokasi. Saa tatu bosi anaingia kikaoni. Unamwekea nini mezani?

Nusu ya darasa tukafungua Excel kutengeneza thamani mpya. Mama akatikisa kichwa. Alichotaka ni karatasi moja: nani mwenye hisa nyingi (Holcim, zaidi ya nusu) na yuko upande gani, fedha za kila mshindani ziko wapi na nani kazithibitisha, vibali gani vimebaki Nairobi na kwenye COMESA, kila shilingi moja ya Kenya tukipandisha bei inatugharimu kiasi gani kwa jumla, na shilingi 70 ya miezi kadhaa ijayo ni sawa na ngapi leo. Hiyo ya mwisho tu ndiyo hesabu, na inakaa kwenye seli moja. Savannah walijitoa, na kufikia mwisho wa mwaka Amsons walikuwa wamemaliza kazi kwa bei yao ya 65.

Kaka wa Zanzibar walikuwa wamesikia sifa za Mama kabla. Ndiyo maana ya boti.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Slaidi zimepewa jioni moja, wakati mchambuzi mchanga anaishi ndani ya slaidi kuliko ndani ya modeli. Ukurasa mmoja wa wasifu wa kampuni, wenye wamiliki, bidhaa, mauzo ya miaka mitatu na ramani, ndio utakaoufanya wiki yako ya kwanza kazini, na nafasi kati ya mistari isipolingana utarudishiwa. Rekodi za masomo waliahidi, zikaja chache, na sauti inakatika. Ahadi ya "kuunganishwa na waajiri" ni kundi la WhatsApp lenye matangazo ya kazi ambayo yalikwisha kutoka kwingine. Cheti ni kizuri, karatasi nzito, na hakuna mwajiri aliyeniomba nikionyeshe. Wanakufungulia Excel tupu wanakuachia saa moja.

Kwa asiye na laki tisa, kuna njia. Pakua waraka wa matarajio wa kampuni yoyote iliyouza hisa DSE na uusome wote, pamoja na kurasa za hatari na za matumizi ya fedha, kisha jaribu kujenga upya makadirio yao mwenyewe kuanzia mwanzo. Ongeza ripoti za mwaka za NMB na CRDB uone mizania ya benki ilivyo tofauti na ya kiwanda. Waliozoea kiwanda hupotea hapo. Kama lengo ni udalali wa hisa, kozi ya cheti ya CMSA ina uzito zaidi kwa waajiri wa upande huo. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ni jambo jingine, ngazi tatu na miaka, na haitakufundisha kuondoa mausi mezani.

Ukiamua kwenda, usichukue kifurushi cha jioni peke yake hata kama bei yake inapungua kwa laki tatu. Omba cha Jumamosi peke yake. Hakipo kwenye tangazo, lakini ukiwapigia simu wanakuuzia, kaka wa Zanzibar ndivyo walivyofanya. Kaa mstari wa mbele, Mama ana sauti ndogo. Na dai risiti ya EFD siku hiyohiyo unayolipa, wasikuambie itatumwa. Ofisini kwetu walinirudishia nusu ya ada, na bila risiti hiyo mhasibu asingenisikiliza.